Jembe Lililopita Motoni

Jumapili, 1 Oktoba 1911

Jua kali. Milima haionekani vizuri kwa moshi wa mashamba yanayochomwa. Mvua bado.

Sista amenipa daftari hili baada ya misa. Ameniagiza nianze na hali ya hewa, kisha niandike yaliyotokea, si yale niliyotamani yatokee. Hatalisoma mpaka nimpe mwenyewe.

Jina langu ni Regina. Nakaa na mama yangu, Mosi, mlimani juu ya misheni. Kushuka hadi mji wa Morogoro ni mwendo wa asubuhi nzima, na kupanda kurudi ni taabu. Baba yuko kwenye kazi ya reli upande wa Tabora. Mama bado yuko katika mafundisho, hajabatizwa. Anasema mwezi huu kichwa chake kimejaa mbegu, katekisimu isubiri nafasi.

Jana tulishuka mjini, mama akanunua jembe jipya dukani kwa Bwana Ahmadi. Alimpa maharagwe yote ambayo si ya mbegu, na jembe la zamani la bibi juu yake, maana lilikuwa limelika na kubaki kama kijiko. Bwana Ahmadi ni mtu wa pwani, ana kanzu safi na sauti ya kubembeleza. Alilipiga jembe kwa kidole likalia.

"Mama, hiki ni chuma cha Ulaya. Mjukuu wako atalimia hili."

Mama akasema kwa Kiluguru, nami nikatafsiri, "Mjukuu wangu hajazaliwa. Mimi nataka la mwaka huu."

Watu wote barazani wakacheka, mama na Bwana Ahmadi pia. Ndipo Bwana Ahmadi akasema kwa sauti, kila mtu akisikia: "Likivunjika kabla ya mavuno, nileteeni. Nitawapa jingine."

Nilimpenda kwa neno lile. Njiani nilimwambia mama kwamba mtu anayeahidi mbele za watu ni mtu mwema. Mama alikuwa amelibeba jembe kichwani, akaongeza mwendo.

Jumatatu, 2 Oktoba

Jua. Tumekwenda kwa Mzee Maneno, mhunzi, kutia mpini. Napenda kutazama kazi hii. Jembe lina mkia uliochongoka. Mkia huwekwa motoni mpaka uwe mwekundu, kisha husukumwa kwenye kichwa cha mpini, nao huunguza njia yake wenyewe. Moshi wa mti ule una harufu tamu. Likipoa, halitoki tena.

Alhamisi, 5 Oktoba

Jua. Shuleni tulifanya hesabu. Mama analima.

Jumapili, 8 Oktoba

Mawingu asubuhi, mchana yakaondoka. Mjomba Dadi amekuja. Sista alishangaa siku moja nilipomweleza kwamba kwetu shamba ni la ukoo wa mama, na anayeligawa ni mjomba, si baba. Akauliza, "Na mama yako?" Nikamwambia mama hulima alichopewa maadamu anakilima.

Mjomba hakukaa. Alisimama mlangoni akipunga nzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mosi, mvua ikishanyesha nitapita mashamba yote ya ukoo. Shamba ambalo halijageuzwa nitalihesabu halina mtu. Veronika ana watoto wengi na ardhi yake ni mawe matupu."

Veronika ni mama yangu mdogo. Shamba letu lina udongo mweusi na linashuka mpaka kijitoni. Hata kiangazi kirefu, ukingo ule hauachi kutoa mboga.

Mama akasema, "Nimekusikia, kaka. Nina jembe jipya."

"Jembe unalo. Mikono je? Huyu mtoto wako anajua kuliandika jembe. Kulishika anajua?"

Niliona aibu, nikaficha mikono yangu yenye wino.

Jumatano, 11 Oktoba

Jua. Jembe limevunjika.

Nilirudi kutoka shule nikamkuta mama ameketi shambani, jembe liko mapajani kama mtoto mgonjwa. Ufa umeanzia shingoni ukashuka mpaka katikati ya bamba. Alipolipiga tena mbele yangu, nusu yake ilining'inia. Nikauliza kama alipiga jiwe. Akasema, "Regina, hii ni Uluguru. Nani analima hapa bila kupiga jiwe?"

Alikuwa amegeuza sehemu ya juu tu, pale kwenye mihogo.

Mimi sikuogopa sana. Nilimkumbusha neno la Bwana Ahmadi. Jumamosi tutashuka, atatupa jingine.

Jumamosi, 14 Oktoba

Jua kali mno.

Tulitoka alfajiri. Bwana Ahmadi alitukaribisha, akaagiza tupewe maji. Akalipokea jembe, akaligeuza, akatazama mahali mkia unapoingia kwenye mpini. Uso wake ukabadilika.

"Mama, jembe hili limetiwa motoni."

Mama husikia Kiswahili lakini kukisema humwia vigumu, ulimi wake ni wa Kiluguru. Nikajibu mimi. "Ndiyo, bwana. Kwa kutia mpini."

"Basi moto umekiua chuma. Wenye mali walioniletea kutoka Dar es Salaam wamesema wazi: jembe likivunjika lenyewe, nirudishe, watanipa jingine. Likiwa limeguswa na moto, si lao tena."

"Lakini siku ile hukusema habari ya moto, bwana."

"Na nyinyi hamkusema mtalichoma!"

Watu barazani walicheka tena, watu walewale labda, ila safari hii mama hakuwa miongoni mwa wanaocheka. Mwanamke mmoja alisema, "Watu wa mlimani hawa, wakinunua sahani wataipika." Mama alichukua jembe lake, akaondoka bila kuaga. Maji tuliyoletewa hatukuyanywa.

Kupanda kulikuwa kurefu. Nilimchukia Bwana Ahmadi katika kila hatua, nikajua kwamba ni dhambi, nikaendelea.

Jumapili, 15 Oktoba

Jua. Nilikwenda kwa Mzee Maneno peke yangu. Nilitaka aseme kwamba Bwana Ahmadi ni mwongo. Alilishika jembe muda mrefu.

"Mimi nilichoma mkia, na ufa uko huku kwenye bamba," alisema. Nikafurahi. Kisha akasema, "Lakini chuma hiki sikukizaa mimi, mwanangu. Chuma chetu nakijua tangu kikiwa mchanga. Hiki cha Ulaya sikijui. Huenda kweli nimekiua."

Afadhali angekataa. Nimerudi nikiwa sijui tena nimkasirikie nani.

Jumanne, 17 Oktoba

Jua. Mama anachimba kwa kijiti. Jioni Mama Mdogo Veronika alimwazima jembe lake alipomaliza kulima, akalichukua kabla giza halijaingia. Alisimama palepale akimngoja.

"Dada, hili lako limesoma Ulaya, halijazoea mawe ya Kiluguru," alisema. Mama alicheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilimwona Mama Mdogo jinsi alivyokuwa akitazama udongo mweusi wa ukingo wa kijito.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mawingu. Mvua bado.

Jumatatu, 23 Oktoba

Jua. Rafiki yangu Kristina, ninayekaa naye benchi moja, ameniambia jembe la mama yake nalo limepasuka. Wamelinunua dukani kwa Bwana Ahmadi. Na lilitiwa mpini na Mzee Maneno. Nilipiga moyo konde nikamuuliza Sista: kama majembe mawili yamepasuka, na mhunzi ni mmoja na duka ni moja, kosa ni la nani?

Sista alisema, "Tafuta lililotiwa mpini na mhunzi mwingine."

Jumamosi, 28 Oktoba

Mawingu mazito, upepo, halafu si kitu.

Nimelipata. Mke wa mtu mmoja aitwaye Gabrieli, karibu na Bigwa, alinunua kwa Bwana Ahmadi akatiliwa mpini na mhunzi wa kwao, na jembe lake lina ufa uleule, shingoni kushuka katikati. Nilikimbia kumwambia Mzee Maneno. Alianza kuvuta mivukuto yake kwa nguvu ingawa hakukuwa na chuma chochote motoni.

Jumatano, 1 Novemba, Watakatifu Wote

Misa. Manyunyu machache yaliyokauka kabla hatujafika nyumbani. Watu wote wanatazama juu, na mimi naomba mvua isije. Ni vibaya kuomba hivyo. Kila mtu anaihitaji. Nimeungama kwa Padri, akaniambia niombe mambo mawili pamoja, mvua na jembe.

Jumapili, 5 Novemba

Jua. Mama alimwomba Mjomba Dadi atusemee kwa akida wa serikali, ambaye husikiliza mashauri kila Alhamisi kule chini. Mjomba alikataa.

"Niende kwa akida kwa sababu ya jembe la dukani? Watasema ukoo wetu umekosa wahunzi."

"Basi nitakwenda mwenyewe," mama alisema.

"Kwa ulimi upi?"

Mama alinitazama mimi.

Jumatano, 8 Novemba

Mawingu. Jioni mama yake Kristina alikuja na jembe lake limefungwa kwa kanga. Amelitoa mpini kwa kuupasua, kisha ameusugua mkia kwa mchanga na majivu mpaka ukang'aa. Hakuna alama ya moto.

"Fanya hivi na wewe, Mosi. Tuseme hatukulichoma. Wao si wanataka lisiloguswa na moto? Hili hapa."

Mama alilishika, akalitazama. Mkia ulikuwa mzuri kama mpya. Aliniuliza, "Regina, unasemaje?"

Nilisema kwamba Sista hufundisha kwamba uongo ni uongo. Mama yake Kristina alisema, "Sista halimi." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Mwanangu, huyu Ahmadi ana ahadi yenye mlango, na mlango ameufunga. Mimi napita dirishani tu."

Mama alimrudishia jembe lake. Hakuleta mchanga.

Alhamisi, 9 Novemba

Mawingu meusi tangu asubuhi, radi upande wa mlima Mindu.

Nitaandika yote, ingawa mkono unauma.

Akida ni mtu mnene wa pwani, hukaa juu ya kiti na kila mtu mwingine chini. Tulikuwa wanawake watatu na mimi: mama, mama yake Kristina, na mke wa Gabrieli. Kristina alikuja na mama yake. Bwana Ahmadi alisimama upande wa pili katika kanzu yake safi, akaeleza kwa adabu, na kila alichosema kilikuwa kweli: aliahidi, wenye mali wamemwekea sharti, moto umevunja sharti. Nikaona akida anatikisa kichwa kukubali.

Akamwita kwanza mama yake Kristina, kwa kuwa jembe lake liling'aa.

"Hili nalo lilitiwa motoni?"

"Hapana, bwana akida. Halikuona moto hata siku moja."

Bwana Ahmadi aliligeuza, akalitazama huku na huku, akasema polepole, "Hili sina neno nalo. Hili nitalibadili."

Mama yake Kristina akapiga magoti kushukuru. Nami nikamtazama mama. Angeweza na yeye kufanya hivyo, kama si mimi.

Lakini akida alikuwa bado amelishika jembe lile. Akaupapasa mkia kwa kidole. "Sasa mpini uliutiaje?"

Mama yake Kristina alitazama kanga aliyolifungia.

"Nakuuliza, mama. Ulilima na nini, na mkia huu mtupu?"

Akida akatugeukia sisi. "Nani atanieleza? Jembe la namna hii hutiwaje mpini?"

Mama aliniambia kwa Kiluguru, kwa sauti ndogo: "Sema." Nikasimama. Nilimwona Kristina ananitazama, anatikisa kichwa, si kwa kukataa bali kwa kuomba.

Nikasema, "Bwana akida, mama anasema hakuna jembe la mkia milimani lisilopita motoni. Bila moto haliingii kwenye mpini, na bila mpini si jembe. Ni chuma tu."

"Yote?"

"Yote, bwana."

Akida alimtazama Bwana Ahmadi. "Ahmadi, ulijua hivi?"

Na hapa nataka kuandika kwa haki. Bwana Ahmadi hakujifanya. Alikunja uso kama mtu anayefanya hesabu, kisha akasema, "Wallahi, sikujua. Kwetu pwani jembe lina tundu, unachomeka mpini basi. Haya yalikuja makashani, nikauza. Sikuwahi kuona yanavyotiwa."

Akida akaanza kucheka mpaka tumbo likatikisika. "Umewauzia ngoma, kisha unasema ikipigwa haiko katika ahadi!" Watu wote wakacheka. Akaamua: Bwana Ahmadi aliahidi mbele za watu, na sharti la moto hakulisema mbele za watu. Ampe mama jembe jingine, na mke wa Gabrieli jingine. Yeye na wenye mali wake wataelewana.

Kisha akaacha kucheka. Mama yake Kristina amesema uongo mbele ya baraza, kwa hiyo hapati kitu. Ashukuru kwamba hafungwi.

Neno langu ndilo lililotupatia jembe sisi, na ndilo lililomnyima yeye. Nilisema kweli, na nilifurahi kwa muda mfupi kama kupepesa jicho. Kristina alipita mbele yangu amemshika mama yake mkono. Nilimwita. Hakugeuka.

Tulimfuata Bwana Ahmadi dukani. Alifungua kasha yeye mwenyewe, akapiga jembe moja baada ya jingine akisikiliza, akachagua. Mke wake alisema kutoka ndani, "Na hayo nani atatulipa?" Akamjibu, "Nyamaza, mama watoto." Sikuweza kumchukia tena, na hilo lilinisumbua, kwa maana nilikuwa nimezoea.

Mama aliniambia niulize: na hili likivunjika?

Bwana Ahmadi alitazama chini. "Limetoka kasha lilelile, siwezi kuwadanganya. Nikilirudisha Dar es Salaam bila alama ya moto watalipokea. Likiwa na alama, itakuwa hasara yangu, na mimi sitaweza mara ya pili. Msilitie motoni, mama. Tafadhali. Tafuteni njia nyingine, mfunge hata kwa ngozi."

Mvua ya kwanza ilitukuta njiani.

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua usiku kucha na asubuhi. Sikwenda shule. Tumefunga jembe kwa ngozi mbichi ya mbuzi kwenye mpini uliopasuliwa. Mama alipiga mara chache, likageuka mkononi kama samaki. Tukafunga tena. Ngozi inalowa, inalegea.

Jumamosi, 11 Novemba

Mvua. Tumefunga mara nyingi kuliko tulivyolima. Mama Mdogo Veronika alipita juu ya njia na jembe lake begani. Hakutania. Alisema tu, "Mjomba ameanza kule kwa kina Yakobo. Jumatatu yuko hapa."

Jumapili, 12 Novemba

Mvua, kisha jua la kuchoma. Baada ya misa mama alifungua ngozi, akaitupa, akachukua njia ya kwa Mzee Maneno.

Nilimkimbilia. "Mama, ukilitia motoni ahadi imekwisha! Likivunjika hatutakuwa na pa kwenda."

Hakusimama. "Tangu juzi nailinda ahadi hii kama yai, na shamba linaota majani. Mimi nataka jembe, Regina."

Mzee Maneno alikataa kuligusa. Alisema hataki kuua la pili. Mama akamwambia avute mivukuto tu, na akaushika mkia motoni yeye mwenyewe kwa koleo. Ulipokuwa mwekundu aliusukuma kwenye mpini. Mpini ulilia, moshi ukapanda. Mzee Maneno aligeuza uso.

Jumatatu, 13 Novemba

Manyunyu mchana kutwa.

Tulianza kabla hatujaonana nyuso. Mama alilima, mimi nilifuata nikitoa mizizi na mawe. Kila jembe lilipogonga jiwe nilifumba macho. Mama hakufumba. Mjomba Dadi alifika jua likiwa limepanda. Mama alimwamkia bila kunyanyuka. Mjomba alitazama shamba, akatazama mikono yangu, ambayo safari hii haikuwa na wino. Akakaa juu ya gogo, akajifunika nguo yake mvua isimpige.

"Nitakaa mpaka jua litue," alisema. "Palipogeuzwa ni pako."

Sikutegemea huruma hiyo kwake. Labda kwake ni sheria tu, sijui.

Mama Mdogo Veronika alikuja akakaa mbali naye. Alikuwa na jembe lake. Hakulima, hakuondoka. Mara moja alisimama kama anayetaka kuja kutusaidia, akatazama kijito, akakaa tena. Nilimwona. Nadhani hata yeye alijiona.

Jembe halikuvunjika. Tulipita mihogo, tukapita migomba, tukashuka. Hatukufika kijitoni. Giza lilitukuta ukingo mzima wa mboga ukiwa bado majani.

Mjomba alishuka akachomeka kijiti pale mama alipoishia. "Huku kwako, Mosi. Kule kwa Veronika." Aliongeza, kama mtu anayeomba radhi bila kuijua njia yake, "Umelima vizuri."

Mama alifuta jembe kwa majani. Bwana Ahmadi ametupa jembe kwa jembe, na amefanya haki. Lakini siku zile zote mama alizochimba kwa kijiti hakuna duka la kuzirudisha, na ukingo ulikwenda nazo.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua nzuri, ya taratibu. Nimerudi shule. Kristina amehamia benchi la nyuma.

Alhamisi, 16 Novemba

Mvua. Tumepanda mahindi mpaka kwenye kijiti. Upande wa pili Mama Mdogo Veronika alikuwa akipanda mboga. Alituletea miche michache, akaiweka chini bila kusema, nasi tukaichukua bila kusema.

Jioni mama aliniita. Alikuwa amelisugua jembe likawa safi.

"Lipeleke kwa mama yake Kristina. Mimi nimemaliza, yeye hajaanza."

Nilisema labda hatalipokea kutoka kwangu. Na kama likivunjikia kwake?

"Peleka."

Nimekwenda. Kristina alikuwa mlangoni, akaingia ndani aliponiona. Mama yake alitoka, akalitazama jembe mikononi mwangu, akautazama mkia ulioungua, mweusi, unaochungulia upande wa pili wa mpini. Nilimwamkia. Nikamwambia alilosema mama nilipokuwa naondoka: alime tu, asiogope mawe.

Alilipokea kwa mikono miwili.